Nani Anaishi Chini ya Maporomoko ya Karura?

Ukiingia Msitu wa Karura kwa lango la Barabara ya Limuru, kelele za matatu hukusindikiza kwa muda. Kisha zinafifia, inabaki honi moja moja ya mbali, na kima wanachukua zamu. Ukizidi kuteremka kuelekea mtoni utasikia mvumo ambao mwanzoni utadhani ni upepo. Ukitazama juu, hakuna jani linalotikisika, na bado mvumo unaendelea. Mbele kidogo ardhi inakatika ghafla. Mto Karura unaanguka kama mita 15 hivi, unaingia kwenye kidimbwi kilichozungukwa na mawe meusi, mizizi iliyojishika popote ilipopata, na majani yasiyojua kiangazi.

Mara ya kwanza nilipofika hapo nilikuwa na mpwa wangu wa miaka tisa. Kabla sijamwambia neno alikuwa ameshavua viatu. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye jiwe akamzuia kwa mkono.

"Hapo hapaogelewi, kijana. Hapo pana mwenyewe."

"Mwenyewe nani, guka?"

"Mwenye maji."

Hakuongeza neno. Mpwa wangu alivaa viatu vyake polepole, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakuniacha nipumzike. Mwenye maji ni nani? Ni mtu? Ni nyoka? Ni uongo? Nilimjibu vipande vipande siku ile, na sikuridhika. Jibu lenyewe ni refu, kwa sababu katika maporomoko yale hadithi, historia na maumbile vimesokotana kama ukili, na watu wengi huvuta uzi mmoja tu.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa jina, maana umewapoteza wengi mitandaoni. Karura ya Nairobi si Karuru ya Nyandarua. Maporomoko ya Karuru yako katika Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, yanaanguka kwa ngazi tatu jumla ya mita 273, na ndiyo yanayotajwa miongoni mwa marefu kuliko yote nchini. Picha zake huzunguka zikiandikwa "Karura", na mtu anayeteremka na familia yake akitarajia jitu la mita 273 huona amedanganywa. Hajadanganywa. Amekosea irabu moja tu. Haya ya Nairobi ni madogo, na kwangu mimi uzuri wake umo humo humo katika udogo: unaweza kusimama karibu kiasi cha kulowa uso, ukasikiliza vizuri.

Na kusikiliza ndiko kunakofaa kutangulia. Wakikuyu huyaita maporomoko ya maji ndururumo. Litamke taratibu, utasikia neno lenyewe linaanguka. Waswahili nao wana ngurumo, ingawa wao wameipeleka mawinguni. Sauti hiyo haitokani na maji kugonga mwamba peke yake, kama tunavyodhani. Sehemu yake kubwa hutokana na hewa. Maji yanapoanguka hubeba hewa na kuizamisha. Hewa hiyo hugeuka mapovu, na kila povu hutetemeka kama ngozi ya ngoma. Povu dogo hutoa sauti nyembamba, povu kubwa hutoa sauti nzito. Maporomoko ni maelfu kwa maelfu ya ngoma ndogo zinazopigwa kwa pamoja bila mpangilio, na ndiyo maana mvumo wake hauna wimbo lakini hauchoshi sikio. Msimu wa mvua mapovu makubwa huongezeka, sauti hushuka, na aliyezoea mto anaweza kujua hali ya maji kabla hajayaona.

Nairobi imekaa juu ya matabaka ya lava na majivu yaliyomwagwa na volkano za zama za kutokea kwa Bonde la Ufa. Lava ikipoa huwa mwamba mgumu. Majivu yakigandamana huwa jiwe laini, jamaa wa yale mawe ya Ndarugo tunayojengea nyumba, ambayo fundi huyachonga kwa nyundo na patasi. Sasa uweke mto juu ya matabaka hayo. Jiwe laini huliwa haraka, jiwe gumu hubaki limechomoza kama ukingo wa paa, na maji hayana budi kuruka. Hivyo ndivyo mito ya nyanda hizi inavyojitengenezea maporomoko, na hivyo ndivyo inavyochimba mapango kando ya kingo zake. Paa hilo nalo halidumu milele: likichimbwa sana chini hubomoka, jiwe likaanguka kidimbwini, na maporomoko yakarudi nyuma hatua moja kuelekea yanakotoka maji. Ni safari isiyoonekana katika umri wa binadamu, lakini mawe makubwa yaliyolala chini ya maporomoko mara nyingi ndiyo nyayo zake.

Turudi kwa mwenye maji.

Katika masimulizi ya Wakikuyu, maji yenye kina na maporomoko yana wakazi. Mmoja ni ndamathia, joka la mtoni ambalo manyoya ya mkia wake yalihitajika katika ituika, sherehe kubwa ya rika moja kukabidhi uongozi kwa rika lingine, iliyofanyika kila baada ya miaka thelathini hivi. Fikiria uzito wa jambo hilo: utawala wa nchi haukuweza kupita mikononi mwa vijana bila kitu kilichotoka mtoni. Mwingine ni mũkũnga-mbura, zimwi la majini linalomeza watu na ng'ombe wao. Jina hilo hilo, mũkũnga-mbura, ndilo Wakikuyu wanaloutaja nalo upinde wa mvua. Upinde na zimwi ni kitu kimoja. Hadithi hizi ni za mito mingi ya nchi ya Wakikuyu, si ya Karura pekee, lakini ukisimama Karura utaona zilikozaliwa.

Upinde wa mvua wa kawaida huwa mbali, juu ya vilima, nao hupita. Upinde wa maporomoko uko hapo hapo, unakaa juu ya kidimbwi, na unatenda mambo yanayotisha. Ukisogea kushoto, nao unasogea kushoto. Ukirudi nyuma, unakufuata. Ukitaka kuushika, unakuwa umehama. Wingu likifunika jua, umezama. Jua likirudi, umeibuka mahali pale pale. Mtu wa zamani aliyeona rangi zilizojikunja mgongo, zinazomfuata kwa macho na kujificha majini, akasema ni kiumbe hai, hakuwa mjinga. Alieleza kwa usahihi alichokiona.

Kinachotokea ni hiki. Maji yakigonga chini hurusha matone madogo hewani. Mwanga wa jua ukiingia ndani ya tone hupinda, hujigonga kwenye ukuta wa nyuma wa tone, hurudi na kupinda tena unapotoka. Kila rangi hupinda kwa kiasi chake, kwa hiyo mwanga ulioingia mweupe hutoka umetawanyika. Mwanga huo hurudi kwa nguvu zaidi katika pembe ya karibu nyuzi 42. Ndiyo maana lazima jua liwe mgongoni mwako, na ndiyo maana kitovu cha upinde huwa sawasawa na kivuli cha kichwa chako. Upinde umefungwa kwenye kichwa cha anayetazama. Mpwa wangu akisimama kando yangu, matone yanayomletea yeye rangi nyekundu si yale yanayoniletea mimi. Wawili tumetazama upande mmoja, na kila mmoja ameona joka lake.

Kuna jambo jingine linalonifurahisha kuliko yote. Sisi tuko karibu kabisa na Ikweta, na jua letu hupanda haraka. Yapata saa tatu na nusu asubuhi huwa limeshapita nyuzi 42 juu ya upeo. Kuanzia hapo, aliyesimama chini ya maporomoko akatazama mbele hawezi tena kuona upinde mbele yake. Umeshuka chini ya usawa wa macho, na labda atauona akiinama kutazama matone yaliyo chini yake kutoka mahali pa juu. Hurudi kuinuka baada ya saa tisa na nusu alasiri hivi, jua likianza kulala. Kwa hiyo mchana kutwa, wakati watu wanafanya kazi shambani, mwenye maji hayupo. Huonekana asubuhi na jioni, saa ambazo watoto hutumwa mtoni kuteka maji. Mama yeyote angekataza. Anayesema joka hutoka asubuhi na jioni ana ratiba sahihi kuliko wengi wetu tunaokwenda saa sita na simu mkononi, tukarudi tukisema hakuna kitu.

Lakini upinde haujawahi kumzamisha mtu, na mzee wa Karura hakusema "hapo panapendeza". Alisema hapaogelewi. Hapa niwaite Waswahili wa pwani watusaidie, kwa sababu wao wana jina la kitu hiki: chunusi. Chunusi ni yule anayesadikiwa kuishi majini na kuwavuta watu chini. Mtu anajua kuogelea, maji hayaonekani makali, na bado anazama kama aliyeshikwa miguu. Watu wazima wenye akili timamu wamesimulia hivyo, vizazi kwa vizazi, na mimi nawaamini kuhusu walichokihisi.

Maji yaangukayo hayaishii juu ya kidimbwi. Huchimba hadi chini, huenda mbele kwa kasi yakigusa sakafu, kisha huibuka mbali kidogo. Yanapoibuka, sehemu yake huendelea na safari, na sehemu nyingine hurudi nyuma kwa juu, kuelekea kule kule yalikoangukia. Hayo ndiyo maji yanayohadaa. Usoni yanaonekana yametulia, ila yanarudi nyumbani, na chochote kilicho juu yake hurudi nayo: jani, gogo, mtoto. Likifika chini ya anguko hugongwa, huzamishwa, huibuka, hurudishwa. Umeshaona gogo likizunguka mahali pamoja chini ya maporomoko siku nzima bila kwenda? Limeshikwa. Ongeza hapo kwamba maji yaliyojaa mapovu ni mepesi kuliko maji matupu, kwa hiyo mwili hauelei ndani yake kama ulivyozoea. Muogeleaji anapiga mikono na ni kama anapiga hewa. Ubaridi humkaza misuli. Kisha, mara nyingi, mwili huonekana mahali pengine kabisa baada ya muda, kana kwamba aliyeuchukua ameamua kuuachilia.

Nikilieleza hivi kwa mtoto wa miaka tisa, anasahau kabla ya kufika barabarani. Nikimwambia pana mwenyewe, anavaa viatu. Sisemi tuwadanganye watoto. Nasema mzee yule alitoa onyo sahihi kwa maneno sita, na aya zangu mbili zimekuja nyuma yake kueleza sababu.

Mwendo mfupi kutoka kwenye maporomoko yako mapango, na hapo uzi unabadilika kutoka hadithi kuwa historia. Huitwa mapango ya Mau Mau. Inasimuliwa kwamba wapiganaji wa msituni waliopinga ukoloni wa Waingereza walijificha humo wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na kudumu hadi Januari 1960. Wengi husikia "Mau Mau" wakafikiria Nyandarua na Mlima Kenya, vikosi vikubwa, baridi kali, Dedan Kimathi. Kwa hiyo huuliza: jeshi gani lingejificha kwenye pango dogo kilomita chache tu kutoka ofisi za serikali ya kikoloni?

Swali hilo limekosea shabaha. Vita vile havikulishwa msituni, vililishwa mjini. Dawa, pesa, risasi, nguo na habari vilitoka Nairobi mikononi mwa watu wa kawaida: wapishi, wauza mboga, makarani, akina mama wenye vikapu. Wakoloni walilijua hilo, ndiyo maana Aprili 1954 waliuzingira mji mzima katika Operesheni Anvil, wakawakamata maelfu kwa maelfu na kuwapeleka vizuizini, ili kuikata njia hiyo. Msitu ulio kati ya mji na vijiji vya Kiambu, wenye mto, wenye kichaka na mapango, si mahali pa kuweka jeshi. Ni mahali pa kulala usiku mmoja, kuacha mzigo, kumsubiri mtu. Nikiyatazama mapango ya Karura kama kituo cha njiani, masimulizi yanakaa sawa.

Watu wale walipita usiku kwenye maji ambayo tangu utotoni waliambiwa yana mwenyewe. Huo nao ni ujasiri, na sijawahi kuona ukitajwa.

Msitu wenyewe ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932, zaidi ya hekta 1,000. Usidhani kila mti unaouona ni wa asili. Sehemu kubwa ilipandwa mikaratusi, na kuni zake zilichochea injini za reli. Misonobari ilifuata. Miti ya asili ilijibana mabondeni na kandokando ya mito, na ndiyo sababu ukiteremka kuelekea maporomoko unahisi umeingia nchi nyingine: mihugu, ile ambayo wachonga vinyago waliipenda hadi ikaadimika, mikinduri, mithiga yenye gome kali la dawa, mizeituni ya mwituni, na mugumo, mti mtakatifu wa Wakikuyu, hapa na pale. Mbega weusi kwa weupe walikuwa wametoweka, wakarudishwa muongo uliopita kutoka Kipipiri, huko Nyandarua. Ukikaa kimya utaona pongo akinywa maji, au paa mdogo sana akikatiza njia kama kivuli.

Nusura tusiwe na lolote kati ya haya. Kufikia 1998 vipande vya msitu vilikuwa vimegawiwa watu binafsi kujenga nyumba, na matingatinga yalikuwa yameshaingia. Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement, shirika la kupanda miti, mwaka 1977, alikwenda na miche. Tarehe 8 Januari 1999 yeye na wenzake, wakiwemo wabunge na waandishi wa habari, walishambuliwa langoni na kundi la walinzi, naye Profesa akapasuliwa kichwa. Hasira ilienea, wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, na tarehe 16 Agosti 1999 rais akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 Profesa Maathai akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Kisa hicho kinajulikana. Kisichosemwa ni kwamba msitu ulinyakulika kwa urahisi kwa sababu ulikuwa umebaki bila mwenyewe. Zamani mti mtakatifu haukukatwa, na kina cha mto hakikuchezewa, kwa kuwa palikuwa na anayeogopwa. Wamijikenda wa pwani wamezihifadhi kaya zao kwa njia hiyo hiyo. Misitu ile midogo ilisimama kwa karne kadhaa ikilindwa na miiko tu, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwetu Nairobi miiko ilifutwa kwanza, sheria ikaandikwa baadaye, na kati ya hizo mbili palikuwa na pengo ambamo mtu mwenye karatasi yenye muhuri aliweza kupita na tingatinga. Wangari alisimama katika pengo hilo na mche mkononi. Miaka iliyofuata msitu ulikuwa bado unaogopwa, safari hii kwa sababu ya majambazi, hadi wakazi wa jirani walipojiunga katika chama na kuusimamia pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya, ukazungushiwa uzio na kuwekwa askari. Sasa Jumapili unakuta familia na vikapu vyao, watoto wakilia hawataki kwenda nyumbani.

Uzio, hata hivyo, hauzuii maji. Mto huu unaingia msituni ukiwa umeshapita mashamba na mitaa ya juu. Siku nyingine povu jeupe hukaa kidimbwini kama sufuria ya ugali iliyofurika. Povu kidogo ni la kawaida, majani yaliyooza hulitoa. Povu zito lisilopasuka, lenye harufu ya sabuni, ni maji ya kufulia na mifereji ya watu. Na kadiri mabati na lami vinavyoongezeka huko juu, mvua hainyweshi tena udongo. Inakimbilia mtoni mara moja. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalituonyesha jinsi mito ya Nairobi inavyoweza kupanda ndani ya saa chache. Kidimbwi cha Karura kilichotulia saa nane kinaweza kuwa kitu kingine saa kumi, kwa mvua iliyonyesha mahali ambapo wewe hukuiona. Mawingu yakifunga upande wa Limuru, usikae chini ya maporomoko.

Maji yale yakitoka msituni huungana na mito mingine ya Nairobi, huingia Athi, hupita Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk ambako huanguka tena, hukata nyika za Ukambani na Tsavo ambako jina hubadilika kuwa Galana, na huingia baharini kaskazini mwa Malindi yakiitwa Sabaki. Baada ya mvua kubwa za bara, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo. Watoto wa pale wakitaka kuogelea mdomoni mwa mto, huitwa na wazee wao kutoka ufukweni: rudini, hapo pana chunusi.